Kufuatilia ahadi ya Ibrahimu kizazi kwa kizazi: mwongozo kamili wa kusoma, kutoka Mwanzo 12 hadi Wagalatia 3

Nenda kwenye mkesha wowote wa maombi, uwe Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu, na usiku hautaisha kabla hujasikia mtu akisema kwa sauti kubwa kwamba baraka za Ibrahimu ni zake. Pembeni yake mwingine anakemea laana za ukoo. Wote wawili wanaamini jambo moja, kwamba neno alilotamkiwa babu linamfikia mjukuu. Na hawakulitunga, limo katika Maandiko tangu Mwanzo hadi Nyaraka. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumelipokea kwa vipande: mstari wa mahubiri ya Jumapili, mstari wa kwenye kalenda ya ukutani, mstari aliotuma shangazi kwenye kundi la ukoo la WhatsApp.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuifuata ahadi hiyo mwenyewe, Biblia mkononi, kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, aone inapitaje. Unaweza kuufanya peke yako au na kikundi cha jumuiya. Nitakwambia mapema ninachokiona mimi, ili unipime unaposoma: ahadi ya Mungu katika Biblia hairithiwi kama shamba la ukoo, mzee akifariki wanawe wakagawana kwa utaratibu unaojulikana. Kila kizazi Mungu mwenyewe anakuja kuitamka upya, na mara nyingi anamtamkia ambaye hakuna aliyemtarajia.

Hatua ya kwanza: andaa daftari

Chukua daftari kubwa la mistari, yale ya jalada gumu. Fungua kurasa mbili zinazotazamana, upige mistari upate safu tano: nani anasema, anaambiwa nani, kinaahidiwa nini, kuna sharti gani, na imetimia wapi. Safu ya tano iache pana, kwa sababu utakuwa unairudia miezi mitatu baadaye.

Tumia tafsiri moja kama msingi. Mimi natumia Biblia ya Muungano kwa sababu ndiyo wengi wameikariri, kisha naisoma Habari Njema pembeni pale sentensi inapokaza. Ukitafuta kwa simu, kumbuka kwamba Muungano inaandika Ibrahimu na Habari Njema inaandika Abrahamu. Ukiandika jina la tafsiri nyingine, programu itakujibu kwamba hakuna kitu, na utadhani mstari umeukosea.

Usianze na kitabu cha maelezo. Kitakuja, ila kikitangulia utajaza daftari mawazo ya mwandishi mwingine.

Hatua ya pili: soma ahadi ya kwanza yote, mahali pote inaposemwa

Watu wengi wanaijua Mwanzo 12:2-3 na wanaishia hapo. Ibrahimu, wakati huo bado Abramu, ana miaka 75 anapotoka Harani. Anaambiwa atafanywa taifa kubwa, atabarikiwa, jina lake litakuzwa, “na katika wewe jamaa zote za dunia watabarikiwa.” Andika vitu hivyo kimoja kimoja, kila kimoja mstari wake. Nchi haijatajwa kuwa yake bado. Ameambiwa tu aende katika nchi atakayoonyeshwa. Ni mstari wa 7, akiwa tayari Shekemu, ndipo anapoambiwa kwamba uzao wake utapewa nchi hiyo.

Endelea sura ya 13, mstari wa 14 hadi 17, baada ya Lutu kuchagua bonde la Yordani na kuondoka. Kisha sura ya 15, ya 17, na ya 22 mstari wa 15 hadi 18. Mahali hapo pote ni ahadi ile ile inarudiwa, lakini kila mara ina kitu kipya. Sura ya 17 inaleta majina mapya na tohara. Sura ya 22, pale Moria, inaleta kiapo: Mungu anaapa kwa nafsi yake.

Sura ya 15 isome taratibu, hata mara tatu. Abramu anauliza atajuaje kwamba atairithi nchi. Anaambiwa alete ndama, mbuzi jike na kondoo dume, wote wa miaka mitatu, pamoja na hua na mwana njiwa. Anawapasua wanyama vipande viwili, anapanga kila kipande mkabala na mwenzake, ndege hawapasui. Halafu inakuja kazi ambayo hakuna anayeihubiri: anakaa pale akifukuza ndege wanaoshukia mizoga. Jua linapotua usingizi mzito unamshika, na tanuru ya moshi na mwenge unaowaka vinapita katikati ya vipande vile.

Ili ujue maana ya kupita katikati, fungua Yeremia 34:18-20. Walioweka agano walipita kati ya vipande vya ndama, na waliolivunja wanatishiwa kufanywa kama mnyama yule. Sasa rudi Mwanzo 15 uangalie ni nani amepita. Abramu amelala. Aliyepita ni mmoja tu. Kwenye safu ya sharti, mstari wa sura ya 15, andika “hakuna”. Kwenye mstari wa sura ya 17, ambako kila mwanamume asiyetahiriwa anakatiliwa mbali na watu wake, andika sharti hilo. Hizo alama mbili zitakusaidia sana ukifika hatua ya sita.

Hatua ya tatu: fanya hesabu za umri

Hii inaonekana kama kazi ya mtoto wa shule, lakini imewafungua macho watu wengi kuliko mahubiri. Chora mstari mrefu na uweke miaka ya Ibrahimu: 75 anaitwa, 86 anapozaliwa Ishmaeli, 99 anapobadilishwa jina, 100 anapozaliwa Isaka, 175 anapofariki. Chini yake weka wa Isaka: anaoa akiwa na 40, anapata mapacha akiwa na 60.

Utaona mambo mawili. Kwanza, kati ya ahadi na mtoto imepita miaka 25, na Isaka naye, mtoto wa ahadi, ameoa na kusubiri 20 akimwombea mkewe aliyekuwa tasa. Kuwa mtoto wa ahadi hakukumpunguzia foleni. Pili, toa 160, umri wa Ibrahimu mapacha walipozaliwa, kwenye 175: Esau na Yakobo walikuwa na miaka 15 babu yao alipofariki. Ni rahisi kusoma Mwanzo 25 ukadhani Ibrahimu alishazikwa kabla hawajazaliwa, kwa sababu kifo chake kimetangulia kuandikwa. Waebrania 11:9 inasema alikaa katika hema pamoja na Isaka na Yakobo, warithi pamoja naye wa ahadi ile ile, na hesabu zinakubali. Kwa hiyo Yakobo huenda aliisikia habari ya zile nyota (Mwanzo 15:5) kwa mdomo wa aliyeonyeshwa.

Ongeza kwenye ukurasa huo ardhi aliyoimiliki Ibrahimu kwa hati: pango la Makpela na shamba lake, alilonunua kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara. Aliyeahidiwa nchi yote alinunua kaburi, tena kwa bei aliyotajiwa bila kuipunguza.

Hatua ya nne: tafuta mahali ahadi inapokabidhiwa

Sasa anza kuangalia inapitaje mikononi. Kwa Isaka soma Mwanzo 26:2-5. Kuna njaa, Isaka yuko Gerari na Misri inamvuta, na Bwana anamtokea na kumwambia akae. Anamrudishia karibu kila kitu alichoambiwa baba yake: nchi, uzao kama nyota, mataifa yote kubarikiwa. Jaza safu ya kwanza kwa makini. Anayesema ni Mungu. Hatuoni popote Ibrahimu akimwekea Isaka mikono na kumkabidhi agano. Alimpa mali yote, sura ya 25 inasema hivyo wazi, lakini ahadi aliisikia kwa mwenyewe aliyeitoa.

Kisha njoo kwa Yakobo. Hapa ndipo vikundi huwaka moto, na muda mwingi utumie hapa.

Sura ya 27 kila mtu anaijua. Isaka haoni. Rebeka anamvika Yakobo nguo za Esau na ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Mzee anapapasa, ananusa, anakula, anasikia: “Sauti ni sauti ya Yakobo, lakini mikono ni mikono ya Esau.” Anabariki. Swali linaloulizwa kila mara ni hili: Mungu alikubalije baraka ya wizi?

Kabla ya kujibu, andika baraka ya sura ya 27 kwenye daftari neno kwa neno, mstari wa 28 na 29. Umande wa mbinguni, manono ya nchi, nafaka na mvinyo tele, mataifa kumtumikia, ubwana juu ya ndugu zake, na maneno yale ya kulaaniwa amlaaniye na kubarikiwa ambarikiye. Sasa linganisha na orodha yako ya sura ya 12. Nchi ya Kanaani iko wapi? Uzao mwingi? Ibrahimu kwa jina lake? Havimo.

Vinakuja sura ya 28, mstari wa 3 na 4. Isaka ameshajua alidanganywa. Anamwita Yakobo, anamwona ni Yakobo na anamtaja kuwa ni Yakobo, na ndipo anapomwombea apewe mbaraka wa Ibrahimu, yeye na uzao wake, airithi nchi. Hakuna ngozi za mbuzi hapo. Usiku si mwingi baadaye, Betheli, jiwe likiwa mto wake, Yakobo anaota ngazi na kumsikia Bwana mwenyewe akimtamkia nchi, uzao kama mavumbi, na jamaa zote za dunia kubarikiwa. Sura ya 35 anatamkiwa tena akiwa amerudi kutoka kwa Labani.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kilichopatikana kwa hila kilikuwa ni kile ambacho Mungu alishasema kitakuwa cha mdogo kabla hawajazaliwa (25:23), na agano lenyewe lilikuja baadaye mchana kweupe. Hila haikumwongezea Yakobo kitu ila gharama. Orodhesha gharama hizo: Rebeka alimwambia akakae kwa mjomba “siku chache”, alikaa miaka 20, na Maandiko hayasemi kama mama na mwana walionana tena. Labani alimbadilishia bibi harusi gizani. Na wanawe walipotaka kumdanganya kuhusu Yusufu, walichinja mbuzi.

Kama kuna mtu kwenye kikundi anayesema Esau alidhulumiwa, mwache aseme. Msomeeni pia 25:29-34, chakula cha dengu na yale maneno ya mwisho kwamba Esau aliidharau haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Hoja yake haitakufa kabisa, wala haina haja ya kufa. Machozi ya Esau sura ya 27 yameandikwa ili tuyaone.

Hatua ya tano: angalia mikono ya Yakobo

Mwanzo 48 igizeni. Sitanii. Chukueni watu wanne: mzee kitandani, baba, na vijana wawili. Yusufu anawapanga wanawe kwa uangalifu: Manase, mkubwa, anamweka upande wa mkono wa kuume wa mzee, Efraimu upande wa kushoto. Mzee, ambaye macho yake yamekuwa mazito kwa uzee, anapishanisha mikono. Wa kuume unakwenda juu ya mdogo.

Yusufu anachukizwa, anaushika mkono wa baba yake auhamishe. “Sivyo, babangu.” Mzee anakataa: “Najua, mwanangu, najua.”

Mkiigiza mtaona kitu ambacho jicho hulipita likisoma: ni tukio la sura ya 27 limegeuzwa. Baba asiyeona vizuri, vijana wawili, mdogo akipewa kilichokuwa cha mkubwa. Isaka hakujua alichofanya, Yakobo anajua. Waebrania 11:21, ikitafuta tendo moja la imani katika maisha yake yote marefu, inaliacha lile la kushindana mweleka Penieli, inalichukua hili.

Sura ya 49 ni orodha ndefu. Someni yote, lakini daftarini weka watatu. Reubeni, wa kwanza, anaporomoka kwa kosa la kitanda cha baba yake. Yuda anapewa fimbo ya enzi. Yusufu anapata baraka nyingi kuliko wote. Kisha ruka hadi 1 Mambo ya Nyakati 5:1-2, mistari ambayo wengi huipita kwa sababu imezungukwa na majina: haki ya mzaliwa wa kwanza ilikuwa ya Yusufu, lakini mtawala alitoka kwa Yuda. Kilichokuwa kifurushi kimoja kwa Isaka na Yakobo kimegawanyika. Sehemu maradufu ya urithi imekwenda kwa Yusufu, ndiyo maana kuna kabila la Efraimu na la Manase. Ufalme umekwenda kwa Yuda. Mwanangu wa kwanza ndiye mrithi wa kila kitu, wanasema wazee wetu wengi. Kitabu cha Mwanzo hakijawahi kuwaunga mkono hata kizazi kimoja.

Kituo kidogo: waliobarikiwa nje ya mstari

Usiruke hapa. Mwanzo 16:10, Hajiri anaahidiwa uzao usiohesabika, na ndiye mwanamke wa kwanza katika Mwanzo kupewa ahadi ya namna hiyo yeye mwenyewe. Mwanzo 17:20, Ishmaeli anabarikiwa na kuahidiwa maseyidi kumi na wawili. Mstari unaofuata, agano linawekwa na Isaka. Baraka ni kitu kimoja, agano ni kingine, na mtu anaweza kupata la kwanza kwa wingi bila la pili. Watu wa Esau nao walipata nchi yao, Seiri, na Israeli walikatazwa kuigusa hata kwa unyayo (Kumbukumbu la Torati 2:5).

Kama unaishi mtaa mmoja na Waislamu, kama wengi wetu tunavyoishi, ujue nao wana neno juu ya jambo hili hili. Katika Sura al-Baqara aya ya 124, Ibrahimu anaambiwa atafanywa kiongozi wa watu, anauliza na kizazi changu je, naye anajibiwa kwamba ahadi ya Mwenyezi Mungu haiwafikii madhalimu. Hadithi ya mrithi ni nani wanaisimulia tofauti na sisi. Lakini kwamba damu peke yake haitoshi, hilo wameambiwa pia.

Hatua ya sita: tenganisha kiapo na sharti

Hapa ndipo maombi mengi yanapokosea njia. Rudi kwenye safu ya nne ya daftari.

Kumbukumbu la Torati 28 ina mistari 68. Baraka ni mistari 14 ya kwanza, pamoja na ile ya “kichwa, wala si mkia” inayopendwa sana kwenye mikesha ya kufunga mwaka. Mistari 54 iliyobaki ni laana. Na sura nzima imefungwa kwenye neno “utakapoisikia sauti ya Bwana”. Hili ni agano la torati, analisema Musa huko Moabu kwa taifa lililo mlangoni mwa nchi, na lina pande mbili. Kuchukua mistari 14 na kuacha 54 si imani. Ni kusoma mkataba nusu.

Fanya zoezi hili kwa mifano mitatu. Nyumba ya kuhani Eli, 1 Samweli 2:30: Mungu anasema alishanena kwamba nyumba hiyo itahudumu mbele zake milele, “lakini sasa” jambo hilo na liwe mbali. Warekabi, Yeremia 35: watu waliotii neno la baba yao Yonadabu, wasinywe divai, wakae hemani, nao wakaahidiwa kwamba hatakosa mtu wa kusimama mbele za Mungu. Na Daudi, 2 Samweli 7:12-16, ambaye anahitaji jioni nzima.

Kwa Daudi utakuta yote mawili. Mwanawe akikosa ataadhibiwa kwa fimbo ya wanadamu, lakini fadhili hazitaondolewa kama zilivyoondolewa kwa Sauli. 1 Wafalme 2:4 inaweka sharti. Zaburi 132 inaweka sharti. Zaburi 89 inaanza kwa kuimba kiapo, kisha kuanzia mstari wa 38 inamgeukia Mungu na kumwambia umelichukia agano, umeitupa taji chini. Mwaka 586 KK Yerusalemu ilianguka na hakuna mfalme wa nyumba ya Daudi aliyeketi tena pale. Usikimbilie kuitatua zaburi hii. Waliokuwa na ahadi ya kiapo waliiomba hivyo, kwa kulalamika, na ikaachwa katika kitabu cha nyimbo.

Hatua ya saba: laana za ukoo zipime kwa mizani hiyo hiyo

Nitasema kwa ufupi. Kutoka 20:5-6 inataja maovu ya baba hata kizazi cha tatu na cha nne. Soma usikate: ni cha “wanichukiao”, na rehema inakwenda kwa “maelfu elfu”. Kumbukumbu la Torati 7:9 inafafanua kuwa ni vizazi elfu. Weka namba hizo mbili pamoja daftarini, nne na elfu.

Kisha soma Ezekieli 18 yote. Watu wa uhamisho walikuwa na methali, baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Mungu anawakataza kuitumia tena. Mstari wa 20 hauna kona: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Maliza na Hesabu 26:11, kwamba wana wa Kora, yule aliyemwasi Musa, hawakufa. Ardhi ilimmeza baba. Wazao wake wakawa waimbaji, na majina yao yako juu ya Zaburi 42 na 84.

Madhara ya baba yanaweza kuwafikia watoto, madeni, ulevi, ugomvi wa mirathi, hilo halina mjadala. Lakini anayekuambia ulipie sadaka maalumu ili akukatie laana ya babu yako, mwombe akusomee Ezekieli 18 kwanza, kwa sauti.

Hatua ya nane: vuka kwenda Agano Jipya

Mathayo anaanza na majina: Yesu mwana wa Daudi, mwana wa Ibrahimu. Anayapanga kumi na nne mara tatu. Ukilinganisha na Nyakati utakuta kati ya Yoramu na Uzia ameruka wafalme watatu, Ahazia, Yoashi na Amazia, kwa hiyo usiutumie ukoo huo kuhesabu miaka. Utumie kuangalia wanawake: Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Kila mmoja rudi kwenye hadithi yake. Angalau wawili, Rahabu wa Yeriko na Ruthu Mmoabi, walizaliwa nje kabisa ya ahadi.

Kisha fuata: Luka 1:54-55 na 72-73, Mariamu na Zakaria wakisema kwamba kiapo cha Ibrahimu kinatimia. Mathayo 3:9, Yohana Mbatizaji akiwaambia wenye damu kwamba Mungu anaweza kumwinulia Ibrahimu watoto katika mawe. Matendo 2:39, ahadi ni kwenu na kwa watoto wenu na kwa wote walio mbali. Warumi 4 na 9:6-13, ambako Paulo anapita njia ile ile uliyopita wewe, Isaka halafu Yakobo.

Wagalatia 3 iache iwe ya mwisho. Mstari wa 16 unasema mzao aliyekusudiwa ni mmoja, Kristo, wa 17 unasema torati, iliyokuja miaka 430 baadaye, haiwezi kulitangua agano, wa 29 unafunga: “Na kama ninyi ni wa Kristo, basi, mmekuwa uzao wa Ibrahimu, na warithi sawasawa na ahadi.” Baada ya hapo rudi mstari wa 14 uone mbaraka wa Ibrahimu uliofikia mataifa unatajwa kuwa ni nini. Ni Roho. Gari na nyumba hazijatajwa, ingawa Mungu anaweza kumpa amtakaye.

Mtu atauliza kuhusu nchi, na habari za Gaza na Yerusalemu zitaingia chumbani. Wakristo hawasomi mamoja hapa. Wapo wanaoona ahadi ya ardhi bado ni ya taifa la Israeli kama ilivyoandikwa; wapo wanaoona imepanuka, kwa kuwa Warumi 4:13 inamwita Ibrahimu mrithi wa ulimwengu na Waebrania 11:16 inazungumzia nchi ya mbinguni. Andika pande zote mbili kwenye safu ya tano, na usiruhusu kikao kigeuke baraza la siasa.

Hatua ya tisa: bariki watoto wako

Usitunge. Mungu aliwapa makuhani maneno, Hesabu 6:24-26: “Bwana akubarikie, na kukulinda, Bwana akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili, Bwana akuinulie uso wake, na kukupa amani.” Mwaka 1979 huko Yerusalemu, katika makaburi ya Ketef Hinnom, vilichimbuliwa vibati viwili vidogo vya fedha vilivyokunjwa, vyenye maneno yanayofanana sana na haya, wataalamu wengi wanavikadiria kuwa vya karne ya 7 au ya 6 KK. Kuna mtu alitembea nayo mwilini.

Mwite mtoto kwa jina lake, mwekee mkono kichwani, tamka. Mmoja mmoja, asichanganywe na wenzake. Mwanzo 49:28 inasema Yakobo alimbariki kila mmoja kwa mbaraka wake. Kama unaongeza neno la kwako, liwe ombi: “Mungu akujalie”, si tangazo kwamba atakuwa daktari. Mtoto ambaye mzazi wake hayupo, bibi anatosha. Imani ya Timotheo ilianza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Na usiishie kutamka. Zaburi 78:4-7 inataka wasimuliwe, na Waamuzi 2:10 inaonyesha kizazi ambacho wazee wake walizikwa bila kukisimulia.

Ratiba kwa kikundi

Wiki ya kwanza hatua ya kwanza na ya pili. Ya pili hesabu za umri na Mwanzo 26. Ya tatu Yakobo, na msiongeze kitu kingine siku hiyo. Ya nne igizo na Nyakati. Ya tano Hajiri, Ishmaeli na Esau. Ya sita Torati 28, Eli na Warekabi. Ya saba Daudi na Zaburi 89 tu. Ya nane laana za ukoo, na siku hiyo msigawe nafasi ya ushuhuda kabla ya kusoma, mtakesha. Ya tisa Agano Jipya. Ya kumi waje na watoto, waanze wadogo kubarikiwa kabla hawajalala.